Kuolewa Bustanini Kila Jumamosi

Kati ya Desemba na mwanzo wa Januari niliolewa mara tano, kila mara Jumamosi, kila mara na mwanamume yule yule, mbele ya watu waliokalia magunia na viti vya plastiki katika bustani ya mji wa Nyeri. Mke wake wa kweli hakukosa hata siku moja. Aliketi mbele na mtoto wao mapajani, na kila nilipofunuliwa leso alicheka mpaka mtoto akaanza kulia. Nasema haya mapema ili mtu asinifikirie vibaya.

Mimi nina duka la kupiga chapa na kutoa kopi karibu na steji ya magari ya Mweiga. Watu huja na karatasi wasizozielewa, nikawasomea, nikawajazia, nikawapigia kopi mbili. Nina tabia moja ambayo marehemu mama alijaribu kuitoa kwa mwiko ikakataa kutoka: nauliza. Mtu akileta barua ya shamba nitamwuliza shamba liko wapi na jirani yake ni nani. Wengine hukasirika, lakini wengi hujibu, kwa sababu ukweli ni kwamba watu hupenda kuulizwa.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika uigizaji. Kuna mwelekezi mmoja wa michezo hapa mjini ambaye sote humwita Mwalimu, ingawa aliacha kufundisha zamani. Kikundi chake huishi kwa kuigiza vitabu vya mtihani katika shule za sekondari, kuanzia Nanyuki mpaka Kenol. Shule zikifungwa hawana kazi, na badala ya kukaa nyumbani wakigombana na wake zao, huigiza bure bustanini. Siku moja alileta mchezo nimpigie chapa. Ulimhusu mzee mmoja mkaidi na wageni kutoka Othaya waliokuja kumposa binti yake. Niliusoma ukitoka kwenye mashine, nikamwuliza kwa nini binti hana neno hata moja mpaka mchezo unakaribia kwisha. Akasema ndivyo desturi ilivyo. Nikamwuliza basi huyo binti anafanya nini muda wote huo. Akasema anangoja, amefunikwa leso.

Wiki iliyofuata msichana aliyekuwa amepewa nafasi hiyo akapata kazi ya hoteli Kenol, na Mwalimu akarudi dukani kwangu.

"Si wewe uliuliza anafanya nini?" akasema. "Njoo ufunikwe, ujue."

Nilikuwa na miaka arobaini na nne. Nilimwambia watu watamcheka bibi harusi wa umri huo. Akaniambia ndani ya leso hakuna anayeona umri, na kwamba nikifunuliwa watakuwa wamechoka kuhesabu miaka yangu. Nilikasirika kidogo, lakini nilikuwa nimeshataka kujua.

Bustani yenyewe si kubwa. Ina nyasi zilizochakaa katikati, mijakaranda upande wa barabara, mfereji mmoja wa maji, na jukwaa la saruji lililojengwa kwa ajili ya hotuba za sikukuu. Mchana ni ya wahubiri na ya watu wanaosubiri ofisi zifunguliwe baada ya chakula. Lakini miezi ile ya jua, Jumamosi kuanzia saa kumi, inakuwa ya wachezaji. Kunakuwa na vijana wa sarakasi, kuna kwaya mbili zisizosalimiana, kuna mchekeshaji anayeiga machifu, halafu unakuja mchezo. Jua la kwetu si la kuaminika. Likishaingia nyuma ya milima ya Nyandarua, baridi inashuka papo hapo, na aliyekuja na fulana peke yake anajuta. Tena safu ya mbele huwa ya watu wa Majengo, Waislamu, ambao huja baada ya alasiri na huinuka kwenda kuswali magharibi. Mwalimu alipanga mchezo uishe kabla hawajainuka, kwa sababu wakiondoka safu nzima, wale wa nyuma hudhani mambo yamekwisha na wao pia hukunja viti.

Nimejiuliza sana kwa nini watu hutazama kitu cha bure kwa makini kuliko kitu walichokilipia. Aliyelipa huketi akingoja afurahishwe. Lakini yule aliyeingia bure anahisi hiyo bustani ni yake, jukwaa ni lake, na wachezaji ni watoto wa jirani waliokuja kumsumbua. Analipa kwa ushauri. Jumamosi ya kwanza, nikiwa chini ya leso pamoja na wanawake wengine watatu waliofunikwa ili bwana harusi achague, nilisikia ushauri mwingi kuliko maneno ya mchezo. Mmoja alisema leso zimefungwa vibaya. Mwingine alisema wageni wameingia bila kubisha. Kuna mama aliyesema huyo wa pili ana magoti ya mtu mzima, na ndiye mimi.

Kwa wasiojua desturi ya Wakikuyu, nieleze kidogo. Wageni wakileta pombe kumposa msichana, baba yake huishika pembe iliyojaa, humwita binti mbele ya watu wote, na kumwuliza: ninywe? Binti akisema kunywa, baba anakunywa, na wageni wamekubaliwa. Mwishoni kabisa, siku ya ngurario, bwana harusi hukata bega la mbuzi na bibi harusi akala. Bega likishakatwa mbele ya watu, wameoana, hata kama hawajaona mlango wa kanisa wala wa mahakama. Mchezo wetu uliyaweka yote mawili katika alasiri moja kwa sababu ya baridi.

Sasa, Jumamosi ya kwanza bega lilikuwa la katoni. Bwana harusi, kijana anayeuza misumari kwenye hadiweya ambaye ana kipaji cha kuonekana mjinga, alilikata kwa kisu cha mkate, na watu wakacheka pale ambapo hapakuwa na kichekesho. Mzee mmoja wa kofia ya sufu akasimama.

"Nyinyi," akasema, "mnafundisha watoto ati bega ni ya karatasi?"

Mwalimu wetu ni mtu mwerevu. Badala ya kumwomba akae, alimwomba aje aonyeshe. Mzee akapanda, akaonyesha kiungo kinachokatwa na mahali mkono unaposhika, akashuka akiwa mtu maarufu. Jumamosi ya pili mwenye bucha ya mtaa wa chini akatuletea bega la kweli, limechomwa, linanukia mpaka mbwa wakakusanyika. Wazee wakaridhika na bega, wakahamia kwa baba. Baba yangu wa jukwaani alikuwa kinyozi, mtu mpole wa miaka hamsini na kitu, na alikuwa akiuliza lile swali akiwa amesimama.

"Huyo baba hawezi simama," wakasema. "Anaposwa yeye?"

Akaletewa kigoda. Jumamosi ya tatu mtu akaleta pembe ya kweli ya babu yake, akasema tusiiangushe. Ndani tulitia strungi, maana bustani ni ya serikali na pombe hairuhusiwi, na chai isiyo na maziwa kwa mbali inafanana na muratina. Jumamosi ya nne wakarekebisha maneno ya wageni, wakatupa msemaji wao wenyewe, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, kwa sababu walisema kijana wetu anaongea kama mtangazaji. Nilianza kuona mambo yakigeuka. Watu hawakucheka tena. Nilipofunuliwa wanawake walipiga vigelegele vitano, vile vya mtoto wa kiume, wakajikosoa, wakapiga vingine kama inavyotakiwa. Bwana harusi alikata, nikala, na nyuma huko nikasikia mzee wa kofia ya sufu akimwambia mwenzake kwa sauti ya kuridhika, "Sasa imekamilika."

Sikulitilia maanani. Jumatatu asubuhi mwanamke nisiyemjua akaingia dukani, akaweka sufuria mpya juu ya mashine ya kopi, akasema ni zawadi yangu na kwamba Mungu huchelewa tu. Nikamwambia ule ulikuwa mchezo. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Sawa, mchezo, lakini sufuria ni ya kupikia," akaenda zake.

Hapo ndipo udadisi wangu uliponishika vizuri. Nilianza kuwauliza wateja: je, mimi nimeolewa? Kijana wa chuo alicheka akaniambia anti nisijali. Lakini mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya hati ya shamba hakucheka.

"Bega ilikatwa?" akauliza.

"Ilikatwa."

"Ya mbuzi?"

"Ya mbuzi."

"Watu walikuwa?"

"Walijaa."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nikamwambia bwana harusi mwenyewe ana mke, na mke alikuwa pale akitazama. Akafikiri. "Basi wewe ni wa pili," akasema, na akaomba kopi nyingine.

Nilipitiliza mpaka kwa jirani yangu wa duka, fundi wa nguo, mama wa Majengo ambaye familia yake imekaa Nyeri tangu enzi za babu wa babu yake. Ni yeye aliyetuazima leso. Nilimweleza nikicheka. Yeye hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Kwetu bila walii wa kumwoza bibi harusi hakuna ndoa," akasema. "Kwa hiyo mimi nakuuliza kimoja tu. Baba yako alikuwa wapi?"

Baba yangu alikuwa Mweiga, na sikuwa nimemwambia chochote.

Baba yangu ana ng'ombe wanne, viazi, na sifa moja inayojulikana kutoka Mweiga mpaka kwenye milima ya Othaya: yeye ni msemaji wa watu. Kwa zaidi ya miaka arobaini watu wamemwita awazungumzie katika posa za watoto wao. Ana koti la kijivu la kazi hiyo. Anajua wakati wa kutania, wakati wa kununa, na wakati wa kusema njaa imeingia. Amekaa katika nyumba nyingi akiwasikia wazee wenzake wakiwauliza binti zao lile swali. Yeye ana wavulana watano na mimi. Kwa wavulana alikwenda kuomba kwa watu. Kwangu hakuna aliyekuja. Kulikuwa na mtu mmoja zamani, hakufika mpaka nyumbani, na baadaye mimi mwenyewe sikutafuta. Baba hakuwahi kuniuliza habari hiyo hata siku moja, nami nilichukulia kwamba haimsumbui.

Ijumaa ya wiki hiyo kaka yangu mkubwa akanipigia simu. "Mzee anasema usije Jumapili," akasema.

Mimi huenda Mweiga kila Jumapili. Nikamwuliza kwa nini.

"Wewe unajua. Mama anayepima maziwa ya kikundi cha wafugaji alikuwa Nyeri. Amemsalimia mzee mbele ya foleni yote, akampongeza ati mtoto ameolewa mjini, na baba wa msichana aliuliza swali vizuri sana. Mzee akamwaga maziwa yake hapo chini, akarudi nyumbani. Hajaongea tangu jana."

Ningeweza kuicheka hiyo habari kama ingekuwa ya mtu mwingine. Sikucheka. Jumamosi niliolewa mara ya tano, na Jumapili nikaenda Mweiga hivyo hivyo.

Nilimkuta ameketi nje ya ghala akichagua viazi vya mbegu. Hakuinuka. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo maisha yangu yote ameniita Mama. Siku hiyo hakuniita kitu.

"Baba, ni mchezo," nikasema. "Kama ule wa watoto wa Sunday school."

"Bega ilikuwa ya nini?"

"Ya mbuzi. Lakini..."

"Pembe?"

"Ya kweli. Ndani ilikuwa chai tu, baba, strungi."

"Waliookoka wanaposwa kwa soda na ndoa zinasimama." Akatupa kiazi kibovu. "Uliulizwa?"

"Niliulizwa."

"Ukasema?"

"Nilisema kunywa. Imeandikwa hivyo, niliichapisha mimi mwenyewe."

"Na nani aliketi mahali pangu?"

Nilitamani awe mtu mwingine, hata mwalimu mkuu mstaafu. "Kinyozi," nikasema.

Alilirudia hilo neno polepole, kinyozi, akachagua viazi vitatu au vinne bila kuvitazama. Halafu akasema jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote hiyo.

"Mimi nimeongea katika nyumba za watu mpaka nimezeeka. Kila mzee nimemwona akimwuliza mtoto wake. Hapa kwangu hakuna mtu amebisha. Nikajiambia ni sawa, si kila mtu. Lakini kama ilikuwa inakuja siku ya mtu kukuuliza, hata kwa mchezo, ungeniita mimi."

Nilipaswa kunyamaza. Lakini mimi nina hasira za karibu, na aibu ikinipata huwa inatokea upande wa hasira.

"Kwani ni mimi niliwakataza wasibishe?" nikamwambia. "Miaka yote hiyo hukuniuliza hata kama nataka mtu abishe. Wewe ndiye bingwa wa kuuliza, na mimi hukuniuliza."

Akanitazama mara ya kwanza siku hiyo. Nilidhani atanifukuza. Akarudi kwenye viazi vyake, na mimi nikaenda kuosha vyombo vya jikoni ambavyo tayari vilikuwa safi. Nilipoondoka nilimwambia Jumamosi ijayo ni ya mwisho, na baada ya hapo vijana wanarudi mashuleni, na kwamba akitaka aje aone kwa macho yake kuwa ni mchezo. Akavuta gunia lingine la viazi.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Nilimwomba Mwalimu anitoe, na yeye, ambaye hana ubaya, akasema nikitoka hana mwingine, lakini hatanilazimisha. Nilifikiri juu ya jambo moja mpaka likanichosha: mbona kinyozi akiuliza najibu bila shida, hata nikiwa nafikiria wino wa mashine, na watu mia wananisikiliza? Ni maneno yale yale, pembe ile ile. Nilipokuwa chini ya leso hayakuwa na uzito wowote. Kumbe yalikuwa na uzito mkubwa, ila ulikuwa umekaa Mweiga, kwenye ghala la viazi. Nikaamua nitaigiza Jumamosi hiyo, niimalize, halafu Jumapili nirudi kwa baba, nikae mpaka aseme.

Jumamosi hiyo watu walijaa hata kwenye ngazi za barabara. Waliotoka Othaya walikuja kwa wingi kwa sababu mchezo unawahusu. Mimi nilikuwa nimefunikwa tayari, kwa hiyo sikumwona alipofika. Nilisikia kwanza kimya kidogo upande wa kushoto, halafu mzee wa kofia ya sufu akisema mpisheni kiti, huyu ni mtu mkubwa. Nilivuta leso kidogo kwa kidole. Baba alikuwa amevaa koti la kijivu. Kaka yangu alikuwa nyuma yake akikwepa macho yangu.

Alitazama mchezo bila kucheka wala kununa. Wageni walipoingia nilimwona akitikisa kichwa kwa lile jambo la kubisha, ambalo kumbe bado tulikuwa tunalikosea. Msemaji yule wa reli alipomwona mbele yake akaanza kukwamakwama, maana ni kama kuhubiri mbele ya askofu. Nilifunuliwa, vigelegele vikapigwa, nikaketi mahali pangu. Kinyozi akainua pembe, akakohoa.

"Ngoja kidogo," baba akasema.

Hakusema kwa nguvu. Alipanda ngazi za jukwaa moja moja, akiwa ameshika fimbo, na watu wakampigia makofi kwa sababu walidhani ni sehemu ya mchezo, na kwamba wiki hii tumeongeza mtu. Alifika mbele ya kinyozi, akasimama. Kinyozi yule, Mungu ambariki, alielewa kabla yetu sote. Aliinuka kwenye kigoda, akampa pembe kwa mikono miwili, akaenda kusimama pamoja na wanawake.

Baba akaketi. Akaufuta mdomo wa pembe kwa leso yake ya mfukoni. Akawatazama wageni mmoja mmoja kama anavyotazama siku zote, akamtazama bwana harusi, ambaye mara hii hakuhitaji kuigiza ujinga. Kisha akanigeukia.

"Mama," akaniita, "njoo hapa."

Nikaenda. Nikapiga magoti, ingawa mchezo hausemi nipige magoti.

"Hawa watu wamekuja kwangu. Wanasema ni wewe wamefuata. Mimi siwajui. Nikinywa hii, nitakuwa nimekubali, na sitaweza kurudi nyuma. Kwa hiyo nakuuliza wewe, mbele yao. Ninywe?"

Hata mke wa bwana harusi aliacha kucheka, akamshika mtoto vizuri. Nilijua neno langu. Nililichapa mimi, nimelisema mara tano, ni maneno mawili: kunywa, baba. Nilifungua mdomo kuyasema, nikamtazama usoni, na nikaona kwamba hakukuwa na mchezo wowote pale. Alikuwa ananiuliza kweli. Alikuwa ananiuliza kama namtaka huyu, na kama nimewahi kutaka yeyote, na kama ninavyoishi ndivyo nilivyochagua. Alikuwa amekuja kutoka Mweiga kuniuliza kile nilichomkemea kwa kutokuuliza. Sikuweza kumdanganya mtu kama huyo. Niliona uchungu na furaha kwa wakati mmoja, na machozi yakanitoka mbele ya mji mzima.

"Usinywe, baba," nikasema.

Mtu mmoja wa Othaya alisema eish. Nyuma yangu nilisikia Mwalimu akivuta pumzi, maana kulikuwa na kurasa tatu zimebaki na bega lilikuwa linapoa.

"Umesema nisinywe," baba akasema.

"Nimesema."

"Kuna mtu amekutisha?"

"Hakuna. Niko sawa vile niko."

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Akawageukia wageni, na sasa ikawa ile sauti yake ya kazi, iliyonyooka, inayofika mpaka barabarani bila kupaazwa. "Mmesikia. Mtoto amekataa. Hatuna ubaya na nyinyi, mmekuja kwa heshima. Shikeni pombe yenu, na mrudi kwenu salama." Akampa msemaji pembe ikiwa imejaa vile vile. Msemaji akaipokea kwa mikono miwili, akainama. Mzee wa kofia ya sufu, ambaye kwa wiki sita hakuridhika na chochote mara ya kwanza, akasema, "Hivyo ndivyo inafaa kuwa." Halafu adhana ikasikika kutoka upande wa Majengo, safu ya mbele ikainuka, na wengine wote wakakunja viti wakijua kwamba kweli mambo yamekwisha.

Bega lililiwa na wachezaji na wageni wa Othaya, pamoja na baba, ambaye alikaa na kinyozi akimweleza jinsi ya kushika pembe. Baadaye nilimsindikiza mpaka kwenye gari la kaka. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikamwuliza kama amekasirika kwamba nimekataa. Alishangaa kwa dhati.

"Nikasirike kwa nini?" akasema. "Nimekuuliza, umenijibu."

Niliogopa watu wa Mweiga watamcheka. Kumbe miaka yote hii sijui Mweiga inavyofanya kazi. Kaka ananiambia kwenye foleni ya maziwa siku hizi wakimwuliza mzee habari za yule binti yake wa Nyeri, hasemi tena kwamba hajapata mtu, wala habadilishi mazungumzo kama zamani. Anaweka debe chini, ananyoosha koti, na anawaambia, "Watu walikuja. Nikamwuliza, akasema nisinywe."